Shuka Juu ya Masizi

Uchovu wa Fundi haukuwa ule wa kulala ukaamka umeisha. Ulikuwa umehamia mwilini mwake na vyombo vyake vyote, kama mpangaji asiyefikiria kuondoka. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye cherehani, sare za shule zimerundikana hadi magotini, akashona mkono wa shati kwenye tundu la shingo. Akakata uzi kwa meno, akaliinua shati, akakaa nalo kitambo akijiuliza ni mtoto wa umbo gani angelivaa. Angekuwa na nguvu angecheka. Alichukua wembe akaanza kufumua.

Ukutani pakagongwa. Ilikuwa fimbo ya baba yake, chumba cha pili. Fundi alikuwa ameshajifunza lugha ya ile fimbo: kugonga taratibu ni kiu, kugonga kwa haraka ni choo, na kugonga kwa kukokotakokota ni Masizi. Hii ilikuwa ya kukokota.

"Naja, Baba."

Masizi hakuwa mtu. Alikuwa kichaka cha maua, kirefu kumshinda Fundi, kilichopandwa nje chini ya dirisha la mzee. Majani yake yalikuwa ya zambarau iliyokolea mpaka ikawa nyeusi, nyeusi ya kuogopesha mgeni. Wengi walidhani kimeungua, na mzee alifurahia sana kuwasahihisha. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye kiwanda cha uchapaji, kucha zimejaa wino, na alipostaafu akasema hawezi kukaa na bustani ya kijani tupu kama karatasi ambayo haijachapwa. Akakitafuta kichaka hicho, akakipa jina, akakilea mwenyewe bila kumruhusu mtu kukigusa. Kisha kiharusi kikaja, mkono na mguu wa kushoto vikagoma, na tangu hapo vyote viwili, mzee na kichaka, vikawa vya Fundi.

Kazi ya mzee aliijua. Kumwinua, kumwogesha, kumgeuza asichubuke mgongo, kumpikia chakula laini na kumsikiliza akikilaani. Usiku aliamka kila fimbo ilipogonga, na ilipokosa kugonga aliamka vilevile kwenda kuhakikisha anapumua. Mume wa kumsaidia hakuwapo. Alishaondoka zamani na hakuna aliyemuulizia. Ndugu alikuwa mmoja tu, mdogo wake wa kiume, aliyeishi mji mwingine na kuuendesha ugonjwa wa baba kwa simu, ndiyo maana mzee mwenyewe akamwita Meneja.

"Mpeni supu," Meneja alizoea kusema. "Mnyosheni huo mguu asubuhi na jioni. Msimwache alale sana mchana."

Fundi alikuwa akigeuka nyuma kutazama hao wenzake ni akina nani.

Lakini haki ya mtu mpe. Siku moja Meneja alipiga simu na sauti yake haikuwa ya kuamuru. "Dada," alisema, "nimezungumza na wifi yako. Tunamchukua Baba mwezi mzima. Chumba cha chini kipo, choo kimo humohumo. Wewe lala tu, dada yangu. Lala."

Fundi aliziba mdomo kwa kipande cha kitambaa cha sare ili asisikike akilia. Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo kama zawadi. Tangu siku ile akawa anawaza usingizi jinsi mwenye njaa anavyowaza chakula: angelala upande gani, angefunga pazia au angeliacha, angeamka saa ngapi au asingeamka kabisa.

Mzee hakukataa. Hapo ndipo alipokuwa fundi kuliko binti yake. "Nitakwenda," alisema, "watoto wakikualika si unakwenda? Lakini, mama, siwezi kumwacha Masizi katika hali ile. Mtazame."

Na kweli Masizi alikuwa taabani. Wiki chache kabla, mzee alibanwa na kifua, Fundi akahangaika naye hospitalini na nyumbani, na hakuna aliyekumbuka kumwagilia maji kichaka. Kilipukutisha majani mpaka kikabaki fito.

"Akirudisha weusi wake wote," mzee alisema, "siku hiyohiyo niitieni gari. Nakuahidi."

Fundi, ambaye hakuwahi kuotesha hata kitunguu, akajifunga kibwebwe. Alimuuliza baba yake kila hatua, na mzee, kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, alimwelekeza kwa upole wa ajabu. Jua linamchoma, mama, mtundikie shuka hapo juu. Fundi akapanda kwenye kiti kibovu, akapigilia misumari ukutani, akatandaza shuka lake mwenyewe kwa kamba mpaka kichaka kikawa kama kiko ndani ya chandarua. Hana nguvu, mama, mpe samadi ya kuku, usimnyime. Fundi akabeba samadi kwa ndoo kutoka kwa mfuga kuku wa mtaa wa pili, wapita njia wakimpisha kwa kuziba pua. Maji jioni, mpaka ardhi ikatae. Akamwagilia mpaka mgongo ukamwambia basi.

Masizi alichanua. Alinenepa, akatoa matawi marefu kama vidole vya msusi, majani mapana yanayong'aa. Ila yalikuwa ya kijani. Kijani kibichi, cha mchicha.

"Bado," mzee alisema, amekunja uso dirishani. "Hajapona. Mwongeze samadi."

Naye akamwongeza. Kwa kila ndoo kichaka kilizidi kuwa kijani, na kwa kila jani la kijani usingizi wa Fundi ulisogea mbele kidogo. Meneja alianza kukosa subira kwenye simu.

"Kwani hicho kichaka kinaumwa nini hasa?"

"Njoo umuulize mwenyewe. Labda ataogopa cheo chako."

"Dada, usikasirike. Mimi nasema tumpakie tu Baba kwenye gari, atasahau."

"Amenipa ahadi, na mimi nimempa. Nikimbeba kwa nguvu hatanisamehe. Unamjua."

Aliposema hivyo alikuwa ameegemeza kichwa kwenye cherehani, na aliendelea kukiegemeza hapo hata baada ya mdogo wake kukata simu.

Hiyo ndiyo hali aliyokuwa nayo asubuhi ya shati lenye mkono shingoni. Alipoingia chumbani mzee akamwambia, kwa ule upole wake mpya, kwamba anaona shuka limelegea upande mmoja, jua linapenya, je, angeweza kulikaza? Fundi akatoka akalikaza. Akiwa juu ya kiti, akakata kijitawi kimoja, akakifunga kwenye kitambaa kibichi na kukitia mfukoni. Alikuwa anakwenda kununua vifungo, na njiani palikuwa na kitalu cha miche. Aliwaza kwamba huenda ipo dawa ya kupulizia.

Mama wa kitalu alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyejaza udongo kwenye mifuko ya plastiki bila kutazama mikono yake. Alikipokea kijitawi, akakigeuza, akakinusa.

"Huyu haumwi, shoga yangu. Ameshiba."

"Mbona ni wa kijani? Alikuwa mweusi kama sufuria ya kuni."

"Unampa nini?"

"Samadi ya kuku. Kila wiki."

"Makubwa! Na jua je?"

"Nimemfunika. Shuka, juu, pande zote."

Mama wa kitalu akaacha udongo. Aliangua kicheko cha kuvunja mbavu, kisha akaona uso wa mteja wake, akajizuia. "Pole. Lakini nani alikuelekeza? Hawa weusi wao unatoka juani. Mtie kivulini, mshibishe samadi, mlevye maji, atakuwa kijani mpaka kiama. Ondoa hilo shuka. Samadi acha kabisa. Hayo matawi marefu yakate, na maji mpe anapokauka tu. Atageuka mwenyewe. Aliyekufundisha hivi hajawahi kumlea hata siku moja."

"Amemlea miaka mingi," Fundi alisema. "Ndiye aliyempanda."

"Basi atakuwa amesahau, maskini."

Fundi alishukuru akaondoka. Alifika mbali kidogo na kitalu, akaketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Baba yake hakuwa amesahau. Mzee aliyekumbuka bei ya kila aina ya karatasi tangu enzi za ujana wake hakuwa amesahau. Na lipo jambo ambalo Fundi mwenyewe alikuwa analijua, ila uchovu ulikuwa umelifunika: kabla ya kiharusi, mzee alikwaruzana vibaya na jirani kwa sababu kamba yake ya nguo ilikuwa ikimtia Masizi kivuli. Walirushiana maneno hadi mtaa mzima ukatoka nje. Kamba ikashushwa. Mtu aliyegombana na jirani kwa ajili ya kivuli cha fulana ndiye aliyemwambia bintiye atundike shuka zima.

Alikuwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Amebebeshwa samadi, amepandishwa kwenye kiti kibovu, amekunjwa mgongo kila jioni, ili kwa mikono yake mwenyewe auzuie usingizi wake. Alikasirika mpaka uchovu ukamtoka, na kwa muda ule mfupi njiani alitembea kama msichana.

Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alipanda kwenye kiti, akang'oa kamba moja baada ya nyingine, shuka likaanguka juu ya kichwa chake, akalivua na kulikunja. Dirishani uso wa mzee ukatokea.

"Mama, mbona unaliondoa?"

"Linataka kufuliwa, Baba."

"Utalirudisha?"

"Likikauka."

Shuka lilikauka, likatandikwa kitandani, likakaa huko. Mzee hakuuliza tena. Siku zilizofuata wote wawili walijitia hamnazo. Fundi alikata matawi marefu ya kijani akayatupa. Samadi iliyobaki alimrudishia mfuga kuku, aliyeshangaa kweli kuona samadi ikirudi. Maji alitoa kwa kupima. Jua likampiga Masizi asubuhi hadi jioni, na wiki zilipopita, kwenye ncha za matawi mafupi, yakachomoza majani madogo yaliyokunjana, mekundu ya damu ya mzee. Yalipofunguka yalikuwa ya zambarau. Yalipokomaa yalikuwa meusi.

Fundi aliyatazama kila asubuhi, roho juu. Na ndani, baba yake alikuwa anabadilika kwa namna iliyomkera kuliko ukali. Alikuwa na adabu. Alikula uji bila kuulaani. Alisema asante kwa maji, alisema samahani kwa choo. Fimbo ilipungua kugonga, mpaka Fundi akamkuta siku moja amejilowesha, amekaa kimya, anadai hakutaka kumsumbua. Siku nyingine alimkuta anahangaika kukunja shati lake kwa mkono mmoja, analibana kwa kidevu, linateleza, analibana tena. Fundi alisimama mlangoni akamtazama mtu mzima, aliyewahi kusimamia mitambo mikubwa kuliko nyumba hii, akijaribu kuonekana hana shida. Ilimchoma. Akapiga moyo konde, akarudi kwenye cherehani.

Kisha ikafika asubuhi ambayo hakuna aliyeweza kujitia hamnazo tena. Fundi aliingia na beseni la maji ya moto na taulo. Pazia lilikuwa wazi. Nje Masizi alikuwa amesimama juani, mfupi kuliko zamani lakini mweusi tii, toka chini hadi juu.

"Amekuwa mweusi," mzee alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Nani alikwambia?"

"Mama wa kitalu."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mchezaji wa bao aliyeona kete zake zimekwisha. Fundi akatia taulo kwenye maji, akalikamua, akaanza kumpangusa shingo. Alikuwa amejiandalia maneno makali kwa majuma kadhaa, ameyapanga kama vifungo, na sasa alipoyatafuta hakuyapata.

"Ulijua," alisema tu.

"Nilijua."

"Baba, mimi nimechoka. Sijui kama unaelewa. Nimechoka mpaka nashona mikono shingoni. Na wewe ukanibebesha samadi."

"Naelewa, mama."

"Sasa kwa nini?"

Mzee alinyoosha mkono wake mzima ili apanguswe kwapa. "Kwa sababu ningekuwa wewe," alisema, "nikishalala vizuri usiku mmoja, nisingenifuata tena."

Fundi akafungua mdomo kuapa. Hilo lilikuwa jambo rahisi. Watu huapa kila siku kwa mambo madogo kuliko hayo. Alitaka kusema nitakufuata, Baba, mwezi ukiisha tu. Lakini picha aliyokuwa akiiwaza kila siku kwenye cherehani, ya kitanda na pazia na nyumba isiyogonga, haikuwahi kuwa na mwisho. Hakuwahi hata mara moja kujiona akienda kumchukua. Alijua jambo hilo pale pale, taulo mkononi, na mzee akaliona usoni kwake.

"Unaona?" alisema, bila hasira. "Na sikulaumu. Mpigie Meneja."

Alimfungashia siku hiyohiyo. Alipanga suruali, fulana, mashati, dawa, akaongeza koti, akaongeza viatu vizuri vya mzee ambavyo havikuwa vimevaliwa tangu kiharusi. Mzee alilitazama begi.

"Mwezi mmoja, mama?"

Fundi aliona alichokuwa anafanya. Akatoa koti, akatoa viatu, akatoa nusu ya mashati, akayarudisha kabatini bila kumtazama. Mzee akageukia dirisha.

Meneja alifika na gari, akambeba baba yake mikononi, akashangaa waziwazi jinsi alivyokuwa mwepesi. "Mnampa chakula kweli?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza Fundi akacheka.

"Tunampa," alisema. "Mimi na wafanyakazi wangu wote."

Kisha gari likaondoka, akafunga mlango, akalala.

Alilala na nguo. Alilala akaamka akanywa maji akalala tena. Alilala upande wa kulia, upande wa kushoto, na mara moja chali katikati ya kitanda, mikono ameitandaza. Sare zilikaa. Wateja waligonga wakachoka. Siku za mwanzo bado alishtuka, akasikiliza ukuta, akakumbuka, na ile raha ya kukumbuka ikamtia aibu, lakini aibu yenyewe haikumzuia kulala. Mwezi ulivyosonga, akaanza kuamka akiwa ameamka kweli. Alishona kola zikakaa sawa. Alijisikia njaa. Mchana mmoja alijikuta ameketi mlangoni na chai, hafanyi lolote, hadai lolote, na akawaza kwamba watu wengine huenda huishi hivi kila siku.

Simu ya Meneja ilimkuta hapo.

"Dada, za kupumzika?"

"Nzuri."

"Hata sauti imebadilika. Sasa sikiliza. Mwezi ndio huo unakwisha, lakini Baba hapa amezoea. Anakula, hana shida, wala hagongigongi. Wifi yako anasema kama ni kukaa, akae tu. Huna haja ya kujitesa tena. Unasemaje?"

Fundi aliweka kikombe cha chai chini. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, tamu, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Hata mzee mwenyewe alishampa ruhusa, na ilikuwa ruhusa ya kweli. Hagongigongi, mdogo wake amesema, kama sifa njema.

"Dada? Upo?"

Nyuma ya sauti ya Meneja, mbali kidogo, akasikia sauti nyingine, ya kizee, ikimwambia mtu chumbani: "Mwacheni. Msimsumbue, mwacheni alale."

Haikuwa sauti ya hila. Fundi aliijua ya hila. Aliisikiliza majuma mengi ikimwagiza samadi. Hii ilikuwa na adabu, ile adabu ya kukunja shati kwa kidevu. Akaona chumba cha chini chenye choo humohumo, na baba yake ameketi, amelowa, anasubiri mtu apite mwenyewe, kwa kuwa ameamua kutomsumbua yeyote tena mpaka afe.

"Nimekusikia," alimwambia mdogo wake. Mabega yalikuwa yameshaanza kumuuma, kabla hata hajabeba kitu. "Mwambie Baba Jumamosi nakuja kumchukua mwenyewe."

"Dada, una hakika? Fikiria kwanza, halafu nitakupigia jioni."

"Usinipigie."

Akakata. Kisha akaizima simu kabisa, asije akabadili mawazo.